Redirection ya WordPress: masikio yake yanaishinda mikono yake

Nitoe hukumu mapema, kwa sababu anayetafuta mapitio ya kitu kama hiki mara nyingi ameshabadilisha majina ya mafaili na wageni wake wameanza kugonga ukuta wa 404, lile jibu la seva kwamba kilichoombwa hakipo. Redirection, programu-jalizi ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti) iliyotengenezwa na John Godley, isakinishe leo. Ni ya bure, haina toleo la kulipia linalokuchungulia kila ukifungua mipangilio, na kazi yake ni moja tu: mtu akija na anwani ya zamani, apelekwe kwenye mpya. Ila usiikabidhi kazi yote. Kwa kusikia, sijatumia kitu kinachoizidi. Kwa kutenda, kuna mahali haifiki, na ukipajua mapema hutaishia kuilaumu bure.

Tovuti ninayoitunza ni ya vitini vya masomo. Ilianza kama lundo la mafaili ya HTML yaliyoandikwa na walimu mbalimbali, na kila mwalimu alikuwa na sheria zake za kubatiza faili. Kulikuwa na somo1.html, Somo_02.HTM, "somo 3 mpya.html" lenye nafasi katikati, na moja lililoitwa somo4-mwisho-kabisa.html ambalo, kama ulivyokwisha kubashiri, lilifuatwa na somo4-mwisho-kabisa2.html. Nilipohamishia kila kitu WordPress, anwani zikawa safi: /masomo/somo-4/, basi. PDF nazo zikapewa majina yanayoeleweka. Tatizo ni kwamba zile za zamani zilikuwa zimeshatapakaa: kwenye tovuti za watu wengine, kwenye barua pepe, kwenye alamisho za vivinjari, hata kwenye karatasi zilizochapwa. Hizo hakuna namna ya kuzifuata moja moja ukazisahihisha. Kilichobaki ni kumpokea mgeni palepale anapobisha na kumwonyesha mlango mpya.

Kwa wasioijua shughuli yenyewe, ni hivi. Kivinjari kinaomba anwani ya zamani, seva inajibu kwa namba na anwani mpya, kisha kivinjari kinakwenda chenyewe. Namba 301 inasema kimehama kwa kudumu. Namba 302 inasema kimehama kwa muda, rudi tena hapa siku nyingine. Zipo pia 307 na 308, ndugu zao wakali zaidi, ambazo hazikiruhusu kivinjari kubadili aina ya ombi njiani; zinahitajika pale fomu inapotumwa kwenye anwani iliyohama. Kwa kurasa za kusoma na vitini, 301 inatosha. Mgeni haoni chochote zaidi ya ukurasa kufunguka.

Kuweka kanuni ndani ya Redirection ni rahisi kiasi cha kuchosha: unaandika anwani ya zamani, unaandika mpya, unabonyeza. Unaweza kuzigawa kanuni kwenye makundi, nami nakusihi ufanye hivyo tangu mwanzo, kwa sababu orodha ikishakuwa ndefu hutakumbuka ipi ilikuwa ya vitini na ipi ya kurasa. Ukiiruhusu kufuatilia mabadiliko, itatambua pia mtu anapobadilisha anwani ya chapisho na kuweka kanuni yenyewe.

Hapo wengine watasema WordPress inafanya hivyo bila msaada. Kiasi. WordPress hukumbuka anwani za zamani za machapisho ya kawaida, lakini kurasa zenye mpangilio wa mzazi na mtoto haizikumbuki. Zaidi ya hapo ina tabia ya kubahatisha: ikikosa anwani, hutafuta chapisho ambalo jina lake linaanza na herufi zilezile na kumpeleka mgeni huko. Mwanafunzi anaomba somo-1, halipo, anatupwa kwenye somo-12 na hajui kwa nini limekuwa gumu ghafla. Bora 404 ya kweli kuliko ukarimu wa namna hiyo.

Sasa masikio. Redirection ina ukurasa unaoorodhesha kila anwani iliyoombwa ikakosekana. Hapo ndipo nilipoipenda. Nilikuwa na orodha yangu ya mafaili ya zamani, nimeitoa kwenye seva moja kwa moja, nikiamini ni kamili. Kumbukumbu ya 404 ikaniletea majina ambayo hayakuwamo kwenye folda yoyote. Somo_02.HTM lilikuwa likiombwa kama somo_02.htm, kwa herufi ndogo tupu. Sababu ni ya kizamani: tovuti iliwahi kukaa kwenye seva ya Windows, ambako herufi kubwa na ndogo katika jina la faili ni kitu kimoja, kwa hiyo watu waliandika walivyotaka na kila kitu kikafunguka. Linux, inayoendesha seva ya sasa, haina mzaha huo. Kwenye kila kanuni kuna kisanduku cha kuiambia isijali ukubwa wa herufi. Nimekitia alama kwenye kundi zima la vitini.

Kulikuwa pia na anwani zenye nukta au mabano ya kufunga mwishoni, ambazo mtu alizinakili kutoka kwenye sentensi ya barua pepe akabeba na kituo chake. Kulikuwa na %20 kila mahali, ambayo ndiyo ile nafasi ya "somo 3 mpya". Kulikuwa na anwani za matoleo mawili yaliyotangulia, kabla hata ya mimi kuikuta tovuti. Nani angezikumbuka? Kila moja ilikuwa na mtu nyuma yake, na kumbukumbu inakuonyesha alitokea ukurasa upi, ikiwa kivinjari chake kimesema. Ukiona kiungo kibovu kinatoka kwenye tovuti hai inayotunzwa na mtu, waandikie wakirekebishe kwao. Wengi hushukuru.

Si kila kelele ni ya mtu, lakini. Sehemu kubwa ya 404 za tovuti yoyote ni roboti zinazopapasa mafaili ya siri kama .env, kurasa za kuingilia za mifumo ambayo hata huna, na nakala rudufu ambazo mtu mzembe huenda aliziacha wazi. Usiziwekee kanuni. Utazijua haraka kwa sababu haziombi chochote kinachofanana na maudhui yako. Panga orodha kwa anwani badala ya muda, kisha tazama zinazojirudia na zenye majina unayoyatambua; hizo ndizo kazi yako ya siku. Na weka kikomo cha muda wa kutunza kumbukumbu. Majedwali yake yanakaa kwenye hifadhidata ileile ya tovuti, na roboti hazichoki kuyajaza. Kuna pia chaguo la kuficha sehemu ya anwani ya IP ya mgeni au kutoihifadhi kabisa. Mimi siihifadhi. Sina haja ya kujua ni nani, nataka kujua alikuwa anatafuta nini.

Majina yanapofuata utaratibu, kanuni moja hubeba mamia. Programu-jalizi hii inakubali ruwaza, zile ambazo mafundi huziita rejeksi. Ukiandika

^/somo([0-9]+)\.html$

na upande wa pili

/masomo/somo-$1/

umemaliza masomo yote yenye namba, liwe la 1 au la 80. Alama ya ^ na ile ya $ usiziache, kwa sababu ndizo zinazosema anwani inaanzia hapa na kuishia hapa. Bila hizo kanuni itanasa hata anwani ambazo hukuzikusudia. Na ile nukta kabla ya html inahitaji mkwaju wa nyuma (\) mbele yake, kwa kuwa nukta tupu katika ruwaza maana yake ni herufi yoyote ile.

Vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza inavielewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Jarida letu la barua pepe lilikuwa likituma viungo vyenye ?chanzo=jarida mwishoni, na unaweza kuiambia ivipuuze, ivihitaji vilingane kabisa, au ivipuuze wakati wa kulinganisha kisha ivibebe hadi anwani mpya. Chaguo hilo la mwisho ndilo unalolitaka mara nyingi.

Kitu kimoja watu huiomba programu hii na haiwezi, wala programu nyingine yoyote ya upande wa seva haiwezi: kuelekeza kwa kutumia kile kinachofuata alama ya #. Kivinjari hakikitumi kwa seva kabisa. Tulikuwa na ukurasa mmoja mrefu wenye sura zote, kila sura na alama yake, tukaukata vipande. Mtu akija na /vitini.html#sura-5, seva inaona /vitini.html peke yake. Suluhisho letu lilikuwa kuacha kwenye anwani hiyo ukurasa mfupi wa yaliyomo, na mistari michache ya JavaScript inayosoma alama hiyo ndani ya kivinjari na kumpeleka msomaji kwenye sura yake. Asiye na JavaScript anaiona orodha na kubonyeza mwenyewe.

Tuje kwenye mikono. Mwalimu mmoja aliniandikia: "Dada, kile kitini unachosema kimerekebishwa, mbona mimi naona kilekile chenye makosa?" Nikaenda kwenye Redirection: kanuni ipo, imewashwa, imeandikwa sawasawa, na hesabu yake ya kutumika ni sifuri. Sifuri! Hiyo ndiyo dalili. Faili la zamani lilikuwa bado limekaa kwenye folda yake, limeachwa na aliyenitangulia kwa ajili ya usalama, na seva ilikuwa ikiligawa bila kumuuliza mtu. Kanuni za kawaida za WordPress kwenye Apache, programu ya seva, zinasema hivi: kama kinachoombwa ni faili au folda iliyopo kweli, itoe, kama haipo, ndipo uiamshe WordPress. Redirection inaishi ndani ya WordPress. WordPress isipoamshwa, nayo imelala. Kwa hiyo unapobadilisha jina la PDF au picha, la zamani lazima litoke mahali pake ndipo kanuni ifanye kazi. Lihamishie kwenye folda isiyofikiwa na wageni ukitaka kulitunza, lakini litoke.

Kwenye Nginx, programu nyingine ya seva, kuna jambo gumu zaidi. Usanidi mwingi huko unaiambia seva ishughulikie yenyewe kila kinachoishia na .pdf, .jpg na wenzake, hata kisipokuwepo. Ombi la kitini kilichobadilishwa jina linapata 404 kutoka kwa seva na WordPress haijui kama kulikuwa na mtu. Maana yake hata yale masikio niliyoyasifu hayasikii chochote. Kumbukumbu iliyo kimya upande wa mafaili inaweza kuwa imezibwa tu, kwa hiyo linganisha na kumbukumbu za seva yenyewe. Na kama kuna programu ya kache au mtandao wa usambazaji (CDN) unaotunza nakala za kurasa mbele ya tovuti, usafishe baada ya kuweka kanuni, la sivyo utabaki ukitazama nakala ya jana.

Lingine ni uzito. Kila uelekezaji unaopitia humu unaamsha PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, na hifadhidata kwa ajili ya jibu la mstari mmoja ambao seva ingelitoa usingizini. Kwa tovuti ndogo hutahisi. Kwa yenye wageni wengi wa anwani za zamani, kanuni zilizokwisha kutulia zihamishie kwenye seva. Kwa haki, Redirection inakusaidia: inatoa orodha yako katika muundo wa .htaccess (faili la maagizo ya Apache) au wa Nginx, tayari kubandikwa, na inaweza pia kuisoma .htaccess uliyonayo. Ndivyo ninavyoitumia sasa. Inasikiliza, nakusanya, najaribu, kisha zinazodumu zinahamia kwenye .htaccess na ndani ya Redirection zinabaki zile za kubadilikabadilika.

Ukifika kwenye .htaccess, jihadhari na mambo ambayo programu-jalizi ilikuwa inakufichia. Amri ya Redirect bila namba hutoa 302, si 301, andika namba. Na Redirect hulinganisha mwanzo wa njia, si njia nzima. Ukiandika

Redirect 301 /somo /masomo

basi /somo/hesabu nayo itakwenda /masomo/hesabu, jambo ambalo huenda ulilitaka. Lakini ukiandika

Redirect 301 /masomo /masomo/mapya

umeanzisha vurugu. Anwani mpya nayo inaanza na /masomo, kwa hiyo inaelekezwa tena, ikawa /masomo/mapya/mapya, kisha tena na tena, hadi kivinjari kinakata tamaa. Chrome na Firefox huvumilia takribani hatua 20 kisha hutangaza kwamba uelekezaji umezidi. Tumia RedirectMatch, amri inayokubali ruwaza, pamoja na ^ na $ uyafunge mambo. Usichanganye pia Redirect na RewriteRule kwenye faili moja kama huna sababu, kwa kuwa zinatoka kwenye moduli mbili tofauti za Apache na mpangilio wa utekelezaji haufuati mpangilio wa mistari unaouona. Na iwapo hakuna unachoandika kinachofanya kazi, uliza kampuni inayohifadhi tovuti yako kama AllowOverride imewashwa. Isipowashwa, faili lote halisomwi.

Kujaribu kuna mtego wake. Kivinjari hukumbuka 301, na kinaweza kukumbuka kwa muda mrefu sana. Ukikosea anwani, ukarekebisha, kivinjari chako kitaendelea kukupeleka kulekule kwa kwanza na utaapa kwamba marekebisho hayajashika. Anza na 302, hakikisha, kisha ubadili kuwa 301. Na jaribu kwa curl -I, amri ya kuandika kwenye terminali, badala ya kivinjari: inakuonyesha namba na anwani mpya bila kumbukumbu ya zamani. Redirection ina kitufe chake cha kukagua kanuni, kizuri kwa asiyependa skrini nyeusi.

Tazama pia minyororo. Faili la kwanza lilielekezwa kwenye la pili, mwaka uliofuata la pili likabadilishwa jina likaelekezwa kwenye la tatu. Mgeni anafika, ila kwa kuzungushwa. Googlebot, roboti ya Google inayosoma tovuti, hufuata hadi hatua 10, lakini Google yenyewe inashauri kwenda moja kwa moja. Kila ninapobadilisha jina, natafuta kwenye orodha kanuni zote zinazoishia kwenye jina la zamani na kuzielekeza upya. Utafutaji wa ndani ya Redirection unatosha kwa kazi hiyo.

Kuna watu wanaotumia programu hii kutupa kila 404 kwenye ukurasa wa mwanzo. Sielewi wanampa nini mgeni. Aliomba kitini cha hesabu za sehemu, amepewa salamu za karibuni. Google nayo inaweza kuihesabu elekezo kama hiyo kuwa 404 isiyojitangaza. Ikiwa kitu kimeondoka na hakina mbadala, Redirection inakuruhusu kujibu 410, maana yake kimeondolewa makusudi. Hiyo ni heshima zaidi.

Muda wa kuziacha kanuni? Google inasema angalau mwaka 1, na kuendelea kadiri uwezavyo. Mimi zile za vitini sizitoi, kwa sababu karatasi iliyochapwa haina tarehe ya kufa. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, alishatuasa mwaka 1998 tusibadilishe anwani kabisa, naye alikuwa sahihi, lakini hakuikuta somo4-mwisho-kabisa2.html.

Kama hutumii WordPress, mapitio haya yanakuhusu nusu tu. Netlify, huduma ya kuhifadhi tovuti, ina faili lake la _redirects, jepesi na safi. GitHub Pages, huduma nyingine ya aina hiyo, haina kanuni za seva. Utaacha ukurasa mtupu kwenye anwani ya zamani wenye agizo la kuhama kwa sekunde 0, ambalo Google hulichukulia kama uelekezaji wa kudumu.

Kwa watakaoisakinisha: kanuni zinakaa kwenye hifadhidata na zinafanya kazi programu ikiwa imewashwa tu. Fundi atakayezima programu-jalizi zote ili kutafuta hitilafu atazima na milango yote ya zamani kwa wakati huohuo. Toa nakala ya kanuni katika muundo wa JSON (faili la maandishi) kila unapoongeza kundi jipya, uiweke nje ya seva, na umwambie fundi huyo kabla hajaanza.